Somo la sanaa shule za msingi: mwalimu apigwe msasa, au msanii aingie darasani?

Chaki_Vumbi (mleta mada)

Wadau, habari za jioni. Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 umelipa somo la Sanaa na Michezo nafasi yake kuanzia darasa la tatu. Kwenye karatasi ni jambo jema. Shuleni, somo la namna hii hupangiwa yule mwenye vipindi vichache, na kwetu likaniangukia mimi, mtu wa Kiswahili na Jiografia. Chuoni sikuwahi kushika brashi.

Sasa ofisini kuna mvutano. Wenzangu wanasema somo lifundishwe na wasanii wenyewe, mwalimu abaki kusimamia nidhamu na kujaza maksi. Mimi napinga. Msanii anakuja leo, wiki ijayo kapata oda, haonekani, watoto wanabaki na mimi. Bora nisaidiwe mimi, na msaada ninaoutaka si wa kufundishwa kuchora.

Majuzi niliazima kibao cha Tingatinga, chui kwenye rangi ya njano. Badala ya kuandika ubaoni "sifa za uchoraji wa Tingatinga", nikakipitisha dawati kwa dawati. Mtoto mmoja akakinusa akasema, "Mwalimu, hii si rangi ya geti?" Darasa zima likacheka, lakini ndipo penyewe. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora hapa Dar mwaka 1968, alitumia hadibodi na rangi za mafuta za madukani, vitu vilivyokuwa karibu na mkono wake. Hapo maswali yakaanza kumiminika. Alikuwa anamuuzia nani? Mbona chui hana hata jani chini ya miguu? Mbona anatuangalia sisi? Kengele ikagonga hakuna aliyechora hata mstari. Kwangu kile kilikuwa kipindi cha sanaa kilichokamilika. Mwalimu mkuu alipopita akauliza madaftari yako wapi.

Hoja yangu: tupewe picha kubwa zinazoonekana mpaka dawati la nyuma, za wasanii wa hapa waliokufa na walio hai, maelezo ya ukurasa mmoja kwa kila kazi, na ruhusa ya kutojaza daftari. Mnasemaje?

Brashi_Kavu

Mwalimu, nakuunga mkono nusu. Mimi ni mchoraji, hii ndiyo ajira yangu.

Kwanza, kila mwalimu akitaja sanaa ya hapa anaishia kwa Tingatinga. Marehemu alipigwa risasi na polisi kimakosa mwaka 1972, miaka zaidi ya 50 iliyopita. Walio hai je? Nafasi Art Space, kituo cha wasanii, ipo Mikocheni hapa Dar tangu 2008. Pita siku yoyote utakuta huyu yuko kwenye turubai, yule anahangaika na video, mwingine kageuza vitu vilivyotupwa kuwa kazi ya sanaa. Ni wangapi kati ya walimu wa wilaya hiyohiyo wameshapita pale?

Pili, tuongee hela. Shule inakuita "uje uwape watoto hamasa", ukimaliza unaagwa kwa makofi na soda. Fundi bomba akiitwa shuleni analipwa. Halafu mnashangaa mbona msanii wiki ijayo hakurudi.

Mzazi_Tandika

Mnanishangaza. Mwanangu yuko darasa la nne, kugawanya bado kunamshinda, na wamo zaidi ya mia kwenye chumba kimoja. Ninyi mnazungumzia rangi. Nani ananunua? Na hivyo vinyago vya mashetani nimeviona kwa wachongaji wa Mwenge kwa macho yangu. Sitaki mwanangu aletewe hayo darasani.

Mstaafu_wa_Mlimani

Mzazi, hilo la watoto mia moja sina la kukujibu, una haki. La mashetani nakataa. Mtazame msanii wetu George Lilanga, aliyefariki 2005. Picha zake zimejaa hao viumbe, masikio makubwa, midomo imechomoza, wengine wanacheza, wengine wamebebana. Ukiwaangalia vizuri unaona mtaa wako na majirani zako. Mwanao akienda likizo kwa bibi anasimuliwa mazimwi usiku kucha na hujawahi kulalamika.

Nije kwako Chaki_Vumbi, maana umejitambulisha kuwa mtu wa Jiografia. Mchoraji Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro, alisoma Makerere na baadaye London. Mwaka 1960 makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, MoMA, yalinunua picha yake ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Baadaye akawa Balozi wa Tanganyika kule London. Picha zake nyingi ni za vijiji vya huku mlimani, watu wakiwa kazini. Unaweza kufundishia kilimo cha migomba, harusi za Wachaga na matumizi ya rangi kwa picha mojamoja. Nimewauliza walimu vijana wa hukuhuku wanamjua Ntiro? Mmoja akaniuliza alikuwa mbunge wa wapi.

Lakini picha zako na ukurasa wako wa maelezo vitaharibika haraka. Nawajua walimu, nimekuwa mmoja wao. Baada ya mwaka mmoja itakuwa "Taja sifa nne za michoro ya Ntiro", na mtoto atakariri wasanii kama anavyokariri mito. Asipofinyanga na kuchafuka mikono, hajasoma sanaa.

Jirani_Mombasa

Huku Kenya tulianza CBC, mtaala wa umilisi, nchi nzima mwaka 2019, na kazi za mikono zikaingia kwa wingi. Kilichofuata ni kwamba kazi zikawa za wazazi. Mtoto amelala, mama anazunguka maduka usiku akitafuta gundi na maboksi. Kwa hiyo, Mstaafu, huko kuchafuka mikono kuna wenyewe.

Hata hivyo, kutofundisha nako kuna gharama. Mwaka 2013 banda la Kenya kwenye maonyesho ya sanaa ya kimataifa ya Venice, Italia, lilijaa wasanii wa kutoka China. Mwaka 2015 mambo yakataka kujirudia vilevile, mpaka wasanii wa Nairobi wakapiga kelele na serikali ikalikana banda hilo. Waliopiga kelele ni wasanii. Sisi wengine tulikuwa kimya, maana ungetuuliza nani alistahili kwenda Venice tusingekutajia hata watatu.

Chaki_Vumbi

Mstaafu, kukariri kunaletwa na mtihani, hakuletwi na picha. Kipindi chetu tulichorewa kikombe ubaoni, aliyekifananisha zaidi akapata kumi. Hapo mikono ilichafuka sana na hakuna aliyejifunza kutazama. Ndiyo maana nataka maelezo yaishie kwenye maswali ambayo hata mimi sina jibu lake moja.

Brashi, kwenye malipo niko upande wako. Uje mara mbili kwa muhula, ulipwe, katikati niendelee mwenyewe. Mzazi, kipindi kile cha chui hakikutumia hata karatasi moja.

Brashi_Kavu

Nauli na posho ya siku, nakuja. Sharti langu moja: nikirudi mara ya pili nisikute wametundikiwa chui wangu ubaoni, watoto mia wanamnakili.

Mzazi_Tandika

Kipindi kimoja bila karatasi sawa, mwaka mzima je? Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule, si ya kwenu. Hoja ya posho ikiletwa mezani, swali la kwanza ni inatoka fungu gani, maana michango ya lazima ilipigwa marufuku tangu elimu bila ada ianze 2016. Leteni kwanza bei ya hadibodi na rangi kwa watoto mia, pamoja na siku za huyo msanii, halafu tuhesabu nani bado anaunga mkono.