Mercedes E250 ya 2012, niangalie nini kabla sijatoa pesa?

Wa Kitengela:
Wadau habarini. Kuna Mercedes E250 ya 2012 nimeipenda sana, iko kwa yadi Ngong Road, namba ni KCM, bodi safi, viti vya ngozi safi, odometa inasoma 84,000. Mimi miaka yote nimeendesha Premio na fundi wangu ni wa Toyota, hizi za Wajerumani hazijui kabisa, na sasa broka ananisukuma nitume pesa ya kushikilia gari kabla ya Ijumaa ati kuna mteja mwingine anaitaka. Nitakuwa naenda nayo kazini Upper Hill kila siku. Niangalie nini hasa nisije nikauziwa mbuzi kwenye gunia?

Fundi Industrial Area:
Boss usitume hata shilingi. Hio ya 2012 kama ni ya petroli ni injini ya M271 na ugonjwa wake unajulikana, cheni ya timing inarefuka na gia za kamshafti, zile shafti zinafungua vali, zinalika meno. Utaisikia tu injini ikiwa baridi, kwa hivyo mwambie broka unakuja asubuhi na asiiwashe, ukifika weka kiganja juu ya boneti, ikiwa ina joto rudi siku ingine. Mtu mwingine aiwashe wewe ukiwa umesimama mbele. Ukisikia krrrr ya sekunde mbili tatu halafu inanyamaza hio ni cheni, na siku itaruka meno vali zinapigana na pistoni, hapo unatafuta injini.

Ingine watu hawaangalii. Mbele ya injini kwa juu kuna sumaku za kamshafti, mwambie fundi achomoe plagi za waya mchungulie ndani. Mkipata oili huko jueni inapanda na waya pole pole ikielekea kompyuta ya injini.

Gia iendeshe mpaka ipate moto, uingie nayo jam. Ikigonga unaposimama, ama ikikawia kushika ukiweka rivasi, hapana. Na broka akikuambia oili ya gia haibadilishwi maisha yote usimsikize.

Dada wa Lang'ata:
Mileji jameni msiamini! Kuirudisha nyuma ni kazi ndogo sana. Lakini kwa Mercedes hesabu haikai kwa dashibodi pekee, mtu mwenye mashine ya Mercedes yenyewe anaweza kusoma ile iko kwa moduli zingine, hizi kompyuta ndogo za gari, akalinganisha. Kama gari ilitoka Japani itisha karatasi ya mnada, ukiona gredi R iligongwa ikatengenezwa.

Na tangu mafuriko ya 2024 mimi gari yoyote ya Nairobi naanza na mshipi wa kiti. Uvute mpaka mwisho kabisa, ile sehemu huwa haitoki nje. Matope yakiingia huko yanaacha mstari na waosha magari hawafiki hapo. Inua kapeti pia uguse chini, uangalie bolti za viti kama zina kutu.

Wa Kitengela:
Asanteni sana, nimemwambia Jumamosi saa moja asubuhi na isiwashwe. Sasa makaratasi, anasema logbuku iko na mwenyewe, nitaipata nikishalipa.

Jirani wa Ruaka:
Hapo ndio nakataa kabisa ndugu yangu. Ingia eCitizen upande wa NTSA, wale wa serikali wanaosajili magari, ufanye search ya hio namba, ukiona jina la benki pamoja na la mwenye gari huenda mkopo haujaisha. Namba ya chesisi uisome kwa gari kwa macho yako, usitumiwe picha. Halafu mwenyewe mkutane uso kwa uso na kitambulisho chake, kwa sababu transfer inaanzishwa kwa akaunti yake ndio wewe ukubali kwa yako, broka hawezi kukufanyia hio. Kabla hujaiona imeanzishwa pesa ikae kwa benki yako.

Bei pia usimalize pesa yote kwa gari. Matuta na mashimo yetu yanamaliza bushi na mikono ya mbele ya saspenshoni haraka, na tairi zenyewe ni nyembamba, angalia kama ziko na uvimbe kwa ubavu wa ndani, hapo ndipo husahaulika. Spea Kirinyaga Road ziko, lakini ulizia bei ya cheni na gia zake kabla ya Jumamosi ndio ukienda kupatana uwe na hesabu mkononi. Na huyo fundi wa Toyota asikasirike, siku hio chukua wa Mercedes hata kama atakulipisha ya kuangalia tu.