Mizani gani ya kupimia kostiki ya sabuni? Nimeshaharibu mapishi mawili

McheWaKihonda
Wakuu, habari za jioni. Niko Morogoro, natengeneza sabuni za mche nyumbani. Nilianza kwa kujifurahisha tu, sasa majirani wameanza kuulizia.

Mapishi yangu ni mafuta ya nazi gramu 70, mawese gramu 30, kostiki (ile soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) gramu 16. Napika kidogo kidogo hivyo makusudi, ili nikikosea nisitupe mafuta mengi. Mara ya kwanza ilitoka safi. Mara ya pili niliiacha wiki nne, nikaigusisha ulimi, ikanipiga kama betri ya tochi. Ya tatu mpaka leo ni laini, ukiiweka juu ya karatasi inaacha doa la mafuta.

Mizani yangu ni ya jikoni, inabeba kilo 5 na kusoma gramu moja moja. Dukani nimeona mbili: ndogo kama ya sonara, inasoma 0.01 na mwisho wake gramu 200, na nyingine inasoma 0.1 na kubeba kilo 3. Nina elfu sitini. Nichukue ipi? Naomba kuwasilisha.

Tajiri_Mtarajiwa
Mkuu, mimi mwaka wa saba napima kostiki kwa kikombe cha chai na wateja wanarudi. Mizani ya nini?

MzeeWaMaabara
Tajiri, siku duka lako litakapobadilisha kostiki ya punje na kukuletea ya magamba, kikombe hicho hicho kitabeba uzito mwingine kabisa. Utatukumbuka.

Mleta mada, tupige hesabu kwanza kabla hujatoa pesa. Gramu moja ya mafuta ya nazi inakula takriban 0.183 ya kostiki, mawese takriban 0.141. Kwa hiyo 70 zinataka 12.8 na 30 zinataka 4.2, jumla 17. Ukipunguza asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki kulinda ngozi, unapata 16.2. Mapishi yako hayana kosa.

Sasa angalia mizani. Ikiandika 16 inaweza kuwa 15.5 au 16.4, hapo tunachukulia ni nzima. Hizi za jikoni kukosea gramu moja au mbili huku chini ni kawaida. Ukiweka 18 bila kujua, umeshapita 17, kostiki imezidi: ndiyo betri yako hiyo. Ukiweka 14, karibu asilimia 18 ya mafuta yamekosa kostiki: ndiyo doa la kwenye karatasi.

Pika kilo nzima ya mafuta kwa mizani hiyo hiyo uone. Utahitaji 162, na hatari inaanza ukipita 170. Ikikosea gramu 2, hakuna atakayejua. Ulidhani unaokoa mafuta kwa kupika gramu 100, kumbe ndipo mizani inapokuumiza zaidi.

McheWaKihonda
Duh. Kwa hiyo nisinunue?

MzeeWaMaabara
Nunua, ila ujue unanunulia nini. Tazama kitu chepesi kuliko vyote utakachopima, ugawe kwa 100. Kosa la mizani lisizidi hapo. Kwa gramu 16 hiyo ni 0.16, basi ya jikoni imeshatoka. Na tarakimu zinazoonekana kwenye kioo zisikudanganye: 0.01 maana yake inaweza kuandika 0.01, haimaanishi inasema kweli mpaka 0.01.

DadaWaMarashi
Mimi ninayo hiyo ya gramu 200, napimia mafuta ya harufu. Kero yake ni chombo. Kikombe cha kioo peke yake kinakula gramu 150, unabaki na 50 za kuchezea. Hata ukibonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, uzito wa kikombe bado uko juu ya sahani. Tumia kikombe chepesi cha plastiki, au tafuta ya gramu 500. Na usipimie kostiki kwenye kibati cha alumini, inakila na kutoa gesi inayoshika moto.

Jambo jingine mkuu, unamimina vipi? Punje mbili tatu kwa kijiko?

McheWaKihonda
Ndiyo dada, taratibu kabisa, nisizidishe. Tena pangaboi linakuwa linazunguka kwa sababu ya harufu.

DadaWaMarashi
Basi hapo ndipo ulipoliwa. Mizani nyingi za bei nafuu zimeundwa kujirudisha sifuri zenyewe zikiona badiliko dogo, ili zisichezecheze. Ukiwa karibu na sifuri na unadondosha punje moja moja, inadhani ni upepo, inazifuta. Umeweka gramu mbili, yenyewe inasema haijaona kitu. Mimina kwa mkupuo mpaka karibu na kipimo, kisha inua kikombe na ukirudishe. Namba ikibadilika ulipokirudisha, ujue ilikuwa inakula.

Na hilo pangaboi lizime, fungua dirisha. Kwenye 0.01 hata pumzi yako inasomeka.

KipimoHalali
Nitaongeza la kujaribia dukani kabla hujalipa, halihitaji jiwe la mizani. Chukua vitu viwili, tuseme simu ndogo na kitasa. Pima cha kwanza, pima cha pili, kisha vyote pamoja. Jumla isipolingana, irudishe kwa muuzaji. Halafu weka kitu kimoja katikati ya sahani, kisha kwenye kila kona. Namba ikihama sana, hiyo irudishe pia.

Ukifika nyumbani isawazishe upya kwa jiwe, yaani uirekebishe isome sawasawa na uzito wa jiwe, usiamini usawazishaji wa kiwandani. Mizani hizi hazipimi kitu chenyewe, zinapima kinavyokandamiza sahani, na mvuto wa dunia huku karibu na ikweta ni mdogo kuliko Ulaya ya kaskazini kwa kama asilimia 0.3. Iliyosawazishwa kule ikaletwa huku, gramu 200 inaweza kuzisoma 199.4. Jiwe la gramu 100 la M1 (jina la daraja la usahihi wa mawe ya mizani) linaruhusiwa kukosea miligramu 5 tu, kwako linatosha sana.

Na kama utaanza kuuza sabuni kwa uzito, hizo zote mbili si za biashara. Ya biashara lazima ihakikiwe na Wakala wa Vipimo na kugongwa muhuri, tena kila mwaka.

Tajiri_Mtarajiwa
Kumbe hata ikweta inaiba sabuni.

MzeeWaMaabara
Mleta mada, kopo lako la kostiki linafungwa vizuri? Kostiki inanyonya unyevu wa hewa. Iliyoganda mabonge ukipima 16, ndani yake kuna maji, hata mizani ya benki kuu haitakuokoa. Na ukichanganya, kostiki ndiyo inayoingia kwenye maji. Usifanye kinyume, itakurukia usoni.

McheWaKihonda
Mrejesho wakuu. Nimechukua ya 0.01 lakini ya gramu 500, na jiwe la gramu 100, nimezidisha bajeti kidogo. Ya jikoni imebaki kwa mafuta. Dukani nilijaribu tatu kwa simu na kitasa. Ya kwanza ilisoma 84.12 na 61.37, zikiwa pamoja 145.02. Muuzaji akasema betri. Tukabadilisha betri, ikarudia 145.02.

Jana nikawasha ya jikoni na kudondosha kostiki punje punje hadi ikasema 16. Nikahamishia kikombe kwenye mpya: 17.83.

Swali la mwisho, hili jiwe nalishika kwa mkono tu?

KipimoHalali
Hapana, shika kwa kitambaa kikavu. Jasho la vidole linabaki juu yake, na baadaye jiwe linaanza kushika kutu. Halafu liweke mbali na kopo la kostiki.