Wamiliki wa pikapu tupeane uzoefu: feslifti ikija, ungependa waguse nini?

Mleta mada

Wakuu, salaam.

Pikapu yangu ni dabo kabini ya dizeli, imeshatembea kilomita 210,000 na tunaelewana. Sasa tetesi zimeanza kwamba inakaribia kupigwa feslifti, yaani yale mabadiliko ya katikati ya maisha ya gari: chesisi ni ile ile, kabini ni ile ile, ila sura, dashibodi na vitu kadhaa vya chini vinaguswa ili iendelee kuuzika miaka mingine mitatu minne kabla kizazi kipya hakijaingia. Kila ninapopita watu wanabishana grili itakuwaje. Mimi nikishakaa nyuma ya usukani grili siioni.

Ninachokisikia ni kiuno. Gari likiwa tupu, nikipita kwenye tuta hata kwa mwendo wa pole, nyuma inaruka kama mbuzi aliyefunguliwa. Mwanangu akikaa kiti cha nyuma na chupa ya maji, maji anayavaa dada yake.

Na sidhani naomba makubwa. Hilux ya kizazi cha nane ilitoka 2015. Ilipopigwa feslifti 2020, injini ya lita 2.8 ilipanda kutoka hosipawa 177 hadi 204, torki (nguvu ya kuzungusha) ya otomatiki ikatoka Nm 450 kwenda 500, na springi na shokapu za nyuma zikapangwa upya ili itulie ikiwa haina mzigo. Kumbe wakitaka wanafika hadi uvunguni.

Sharti ni moja: usituletee orodha ya ndoto. Leta kilichokukuta, halafu sema kiguswe nini.

Nawasilisha.

Mzigo Mzito

Mkuu, nilikuwa na ugonjwa huo huo nikajitibu mwenyewe. Nilimwambia fundi atoe jani moja la springi kila upande, lile nene la chini. Akafungua yubolti, akachomoa senta bolti, jani likatoka, tukafunga. Wiki ya kwanza nilijiona niko kwenye gari dogo la kifahari.

Wiki ya pili nikapakia mifuko 16 ya saruji, ya kilo 50 kila mmoja. Hizo ni kilo 800, na gari limeandikiwa tani moja, kwa hiyo wala sikuzidisha. Nyuma ilikaa mpaka ile raba ya kuzuia ikalalia ekseli. Taa za mbele zikawa zinamulika matawi ya miti, na usukani ukawa mwepesi mpaka nikaogopa, maana pua ilikuwa inaelea. Nikashusha nusu ya mifuko pembeni, nikaenda mara mbili. Majani yalirudi mahali pake siku hiyo hiyo kabla sijanawa mikono.

Kwa hiyo ukiomba ulaini, omba kwa akili. Nataka springi za hatua mbili: majani mepesi yafanye kazi gari likiwa tupu, lile zito lisubiri mpaka mzigo ulifikie. Nissan waliweka koili (springi za mzunguko badala ya majani) nyuma kwenye Navara ya dabo kabini iliyotoka 2014 wakitafuta huo ulaini, na baadaye, ndani ya kizazi hicho hicho, wakaja na koili za hatua mbili kwa sababu ya mzigo. Haihitaji gari jipya kabisa.

Mama wa Shamba

Nyie kaka zangu mmeanza na springi, mimi naanza na kilango cha nyuma.

Ukivuta kishikio, kilango chote kinashuka kwa mpigo mpaka zile nyaya mbili zikikamate. Kimeshanipiga ugoko, alama ninayo. Kukiinua, nikiwa na ndoo mkono mmoja, siwezi. Naweka ndoo chini, napandisha kwa mikono miwili na goti. Ford walipoigusa Ranger 2018 waliweka ufito wa chuma unaojisokota ndani ya kilango, ukasaidia kubeba uzito wake. Niliwahi kuinua cha jirani yangu kwa mkono mmoja nikabaki nakifungua na kukifunga kama mtoto.

La pili linauma zaidi. Rimoti ya gari langu inafunga milango minne. Kilango hakimo, kina ufunguo wake, na nani anakumbuka? Siku moja niko kwenye foleni, nikasikia *kacha* nyuma, nikadhani ni gari la nyuma yangu. Nafika shambani pampu ya kupulizia dawa haipo, dawa zenyewe hazipo, kilango kimefunguliwa kama mdomo. Hapo bodi ya mizigo nilikuwa nimeifunika kifuniko kigumu nikajiona mjanja.

Naomba kufuli la kilango liunganishwe na rimoti. Ni waya na mota ndogo tu!

Halafu kamera. Wameiweka kwenye kilango, kwa hiyo ukibeba mbao ndefu na kilango kikawa wazi, skrini inakuonyesha ardhi.

Dereva wa Zamu

Nimevuta kiti, nasoma.

Ila niulize, hicho kiti cha nyuma hawawezi kukilaza kidogo? Nilimpeleka mama mkwe safari ya saa tano. Hakulalamika, akasema tu "mwanangu, gari lako linanifundisha adabu", maana mgongo umesimama wima kama yuko kwenye benchi la shule. Kurudi alipanda basi.

Fundi Bodi

Mkuu Dereva wa Zamu, mama mkwe asubiri kizazi kipya. Mimi kazi yangu ni kunyoosha bodi, nikuelezeni kwa nini.

Kile kiti kimeegemea ukuta wa nyuma wa kabini. Kukilaza lazima usogeze ukuta, na ukisogeza ukuta umegusa paa, milango, bodi ya mizigo na vipimo vya usalama vyote. Vile vipande vikubwa vya bati vinakandamizwa kwa kalibu ghali sana. Kampuni hazitupi kalibu hizo katikati ya njia. Ndiyo maana kwenye feslifti nyingi milango, paa na vioo havibadiliki. Wanagusa bampa, grili, taa, mara nyingine boneti na mabawa ya mbele.

Nimelithibitisha kwa mikono yangu. Ililetwa pikapu ya feslifti, mlango wa dereva umekunjwa. Mteja hakutaka kusubiri mpya, nikamtafutia wa toleo la kabla. Bawaba zikakaa, kufuli likalia vizuri, nikapaka rangi, ukasahau. Nikajiona bingwa. Wiki chache mbele ikaja nyingine kama hiyo, taa ya mbele imepasuka, nikataka kucheza mchezo ule ule. Wapi! Ukingo wa bawa umebadilishwa mkunjo, taa inaacha mwanya wa kidole kizima. Nikairudisha dukani kichwa chini.

Mfano wa kitu kinachosubiri kizazi kipya: Ranger iliyoingia 2022 iliongezwa umbali kati ya gurudumu la kushoto na la kulia milimita 50, na urefu kati ya ekseli ukaongezwa milimita 50. Hiyo huipati kwenye feslifti hata uandamane.

Ombi langu mimi ni taa. Zamani balbu ikiungua unanunua balbu. Sasa taa ni LED, na nyingi zimefungwa kama yai, mwanga ukifa unanunua taa nzima. Waache angalau vipande vya ndani vibadilishike.

Gia ya Tano

Mimi kisa changu ni cha wivu. Nilichukua yangu mpya kabisa, na miezi mitatu baadaye ikatoka feslifti yenye gia sita badala ya tano na torki zaidi. Rafiki yangu akaichukua. Kila tukipanda mlima na tela ananipungia mkono akipita. Nilichukia mpaka nikaacha kumwomba lifti.

Lakini feslifti yake ilikuja na rimu za inchi 18 badala ya 17, kwa ajili ya sura. Fanyeni hesabu: tairi yangu ni 265/65R17, ubavu wake (asilimia 65 ya upana wa 265) ni kama milimita 172. Yake ni 265/60R18, ubavu milimita 159. Sentimita moja na kidogo, unaweza kusema si kitu. Kwenye njia ya mawe ni kitu. Mwaka wa kwanza alipasua tairi mbili ubavuni, na ubavu hauzibiki. Zangu zilirudi na mikwaruzo.

Sasa yeye anatafuta rimu za 17. Mimi natafuta pa kucheka bila kuonekana.

Ombi: injini na gia ongezeni, rimu acheni.

Safari Fupi

Naomba kitufe kimoja.

Gari langu lina kile kichujio cha masizi kwenye ekzozi. Kikijaa kinatakiwa kijichome chenyewe, joto lipande mpaka kama nyuzi 600 hivi, masizi yageuke majivu kidogo. Joto hilo linataka mwendo wa maana barabara kuu. Mimi kutoka nyumbani hadi kazini ni dakika kumi na mbili. Kinaanza kujichoma, nafika, nazima. Kesho hivyo hivyo. Siku ya siku taa ikawaka, gari likakata nguvu, nikajikokota kwa kilomita 40 kwa saa huku malori yananipigia honi.

Fundi alichomeka kompyuta, akabonyeza, gari likanguruma limesimama pale pale karibu nusu saa, harufu ya chuma cha moto, akasema tayari. Nikamuuliza: hicho ulichobonyeza, kwa nini sina mimi? Kuna pikapu zinakuja nacho kwenye dashibodi. Kwenye feslifti hilo ni jambo dogo mno. Na waongeze neno kwenye skrini: "najichoma, usinizime." Basi.

Mzigo Mzito

@Safari Fupi umenigusa. Nilidhani feni inayoendelea kuzunguka baada ya kuzima gari ni ubovu, kumbe nilikuwa namkatiza mwenzangu kazini.

Mikono Michafu

Skrini, skrini, skrini. Toleo la kwanza lilikuwa na vitufe vya kiyoyozi, vya kuzungusha. Feslifti wakavimeza kwenye skrini. Nafanya kazi na glavu, na nikivua vidole vina grisi. Nikitaka kupunguza baridi natoa macho barabarani, nagusa, haisikii, nagusa tena, imefungua redio.

Kitufe cha kuzungusha unakipapasa bila kutazama. Warudishe hicho tu, skrini wabaki nayo hata iwe kubwa kama mlango.

Kuhusu breki, wengi watakuja kulilia diski nyuma. Mimi sipo. Dramu (breki iliyofungiwa ndani ya bakuli la chuma) haina raha ya kuitazama, lakini inashika mzigo na breki ya mkono yake ni rahisi.

Gia ya Tano

Mkuu Mikono Michafu hapo tunatofautiana. Pita kwenye tope zito halafu fungua hiyo dramu yako. Mimi nilitoa udongo wa kupanda mchicha. Uliingia, ukakauka, ukawa unakula leza (bitana ya breki) kidogo kidogo kwa miezi. Diski ukiimwagia maji inajisafisha.

Njia Panda

Naona hakuna aliyetaja tairi la akiba.

Saa nne usiku, mvua, tairi la nyuma kushoto limekwisha. Tairi la akiba liko uvunguni, limening'inizwa kwa mnyororo. Unaingiza fimbo kwenye tundu juu ya bampa, unaitafuta ile winchi gizani kwa kugusa, unazungusha. Ikazunguka nusu, ikagoma. Nikaegemea kwa uzito wangu wote, fimbo ikapinda. Nikaingia uvunguni chali, maji yakipita mgongoni, nikamulika kwa simu: mnyororo umekuwa kitu kimoja, kutu tupu, pingili hazichezi. Sikuwa nimeigusa tangu ninunue gari. Nililala kwenye gari. Asubuhi jamaa wa lori akaja na nyundo na patasi tukaukata.

Ninachoomba kwenye feslifti: winchi iliyofunikwa vizuri, mnyororo usioshika kutu, na tundu la fimbo linaloonekana. Hakuna atakayeipiga picha siku ya uzinduzi, najua.

Mleta mada

Mkuu Njia Panda, nimesoma kisa chako nikaacha simu mezani nikatoka nje na fimbo. Miaka sita sijawahi kuigusa.

Haizunguki. Nimeimwagia mafuta ya kulainisha, nitajaribu tena asubuhi. Mwenye patasi ajitokeze.