Filamu fupi ya dakika 27: nikate wapi, na nianzie tamasha gani?

Mkokoteni254

Habari zenu wadau. Nina filamu fupi ya dakika 27, Kiswahili na Sheng, imepigwa Kayole na Gikomba kwa fremu 25 kwa sekunde. Ni siku moja ya mchuuzi wa maji. Mkokoteni ni wa kukodi, na asipolipa deni kufikia saa kumi na mbili jioni unachukuliwa. Inafunguka kwa droni juu ya jiji, kisha anaamka, anapiga mswaki, anatoka. Maisha yake yanaelezwa na sauti ya msimulizi. Matamasha matano yameikataa bila kutoa sababu. Nikate wapi? Na nikiiweka YouTube kwanza ipate watazamaji, kuna ubaya?

Mhariri wa Usiku

Ndugu, hadithi yako inaanza pale deni linapotajwa, na kwa ulivyoeleza hilo halitokei kabla ya dakika ya tatu au ya nne. Wateuzi wa matamasha wanatazama filamu moja baada ya nyingine. Mapambazuko ya Nairobi kwa droni wameyaona hadi wamechoka. Anza na mwenye mkokoteni ameshika mnyororo, anasema saa kumi na mbili, anaondoka. Sekunde 40, na kila mtu anajua kinachosubiriwa. Mswaki hauna kazi hapo.

Halafu chukua kadi, moja kwa kila tukio. Andika ameingia na shilingi ngapi na ametoka na ngapi. Kama hesabu haijabadilika, wala hajakosana au kupatana na mtu, hilo tukio litoe hata kama ndilo lenye picha nzuri kuliko zote. Hapo ndipo wengi hushindwa, kwa sababu shoti iliyowagharimu siku nzima wanaihurumia.

Msimulizi mzime kabisa, utazame yote bila yeye. Utakapopotea ndipo panapohitaji picha, si maneno. Badala ya kutuambia ana watoto, mwonyeshe akigawa sarafu mafungu mawili, la unga na la mkokoteni, na jinsi la unga linavyopungua kadiri jua linavyoshuka.

Tahadhari moja: ukikata mazungumzo, kelele za nyuma zitaruka. Kama hukurekodi sauti tupu ya mahali, rudi Kayole saa ileile ya siku, rekodi dakika mbili kila sehemu uitandaze chini ya mikato. Saa nyingine haitafaa. Kelele za saa nne asubuhi si za jioni.

Dada Projekta

YouTube iache mpaka mwisho. Cannes, tamasha la Ufaransa, hawapokei filamu fupi iliyokwisha kuonekana intaneti, na kwa tuzo za Oscar, ikitoka hadharani nje ya sinema kabla haijafuzu, imeondoka. Kwa wateuzi tuma kiungo chenye nywila, na usiibadilishe nywila hadi majibu yatoke.

Urefu: Cannes mwisho dakika 15, Berlinale Shorts (kitengo cha filamu fupi cha tamasha la Berlin) 30, Oscar 40, majina ya mwishoni mwa filamu yakiwemo. Kwa hiyo 27 inaruhusiwa kwingi. Shida ni ratiba: nafasi yako moja ingetosha filamu mbili, basi lazima iwe bora kuliko hizo mbili.

Panga kuanzia matamasha yanayodai filamu ionyeshwe kwao kwa mara ya kwanza, kisha ZIFF, tamasha la Zanzibar, na Kalasha hapa nyumbani Kenya. Ukianza na onyesho dogo la kimataifa kwa sababu tu ni rahisi kuingia, milango ile mingine unaifunga mwenyewe. Na kabla ya onyesho lolote la umma Kenya, pitisha filamu KFCB, bodi ya kuainisha filamu, ipewe daraja la umri wa watazamaji. Droni nayo inataka idhini ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Ukiikata, umepunguza swali moja.

Mhariri wa Usiku

Naongeza manukuu ya Kiingereza: mistari miwili tu, herufi zisizidi 42 kwa mstari, na yasikae chini ya sekunde moja. Sheng ifasiriwe kwa maana ya wakati ule. "Ngori" (shida) ya mdaiwa ni hofu, ya rafiki yake inaweza kuwa mzaha.

Mkokoteni254

Asanteni sana. Nikilenga Cannes, nikate hadi 15 kamili?

Dada Projekta

Hapana, hapo utanaswa. Sinema nyingi zinataka DCP, yaani furushi la faili za kuonyeshea filamu sinemani, ya fremu 24 kwa sekunde. Ukipunguza mwendo kutoka 25, filamu inarefuka kwa takriban asilimia 4: dakika 15 zinakuwa 15 na sekunde 37, umepita kikomo. Kata hadi 14 na sekunde 20. Ikigeuzwa itafika 14 na 56. Sauti nayo itashuka kidogo, irekebishe isije ikawa nzito. Kutengeneza DCP, programu ya DCP-o-matic ni ya bure na inatosha. Ikishatoa folda, usibadilishe jina la faili lolote ndani yake, la sivyo mashine ya sinema haitaisoma.

Mhariri wa Usiku

Ila usiikate hadi 14 kwa ajili ya Cannes peke yake. Zile kadi zikikuonyesha 19, ziamini.