Mlioniambia Mjapani ni gari la kuanzia maisha, njooni tuchangie spea

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimetoka gereji, nina vumbi hadi magotini, na viatu hivi vilikuwa vya ofisini. Nusu ya njia nimetembea, nusu ya pili nitawaeleza mbele ya safari. Gari limebaki kule kwa mara ya tano tangu nilinunue, na safari hii fundi hata hajaniambia nirudi lini. Kwa hiyo naandika nikiwa nimevurugwa. Asije mtu hapa na "pole mkuu, ndiyo ukubwa".

Ugomvi wangu ni na nyinyi mnaompima mtu kwa nembo iliyo mbele ya gari lake.

Miaka tisa niliendesha sedani ya Kijapani, injini ya lita moja na nusu, rangi ya fedha, mlango wa nyuma una mbonyeo nilioupata kwenye nguzo siku nafundisha mke wangu kurudi nyuma (yeye anasema ni mimi niliyekuwa nimeshika usukani, tuyaache). Kwa miaka tisa hiyo nilimwaga oili kwa wakati, nikabadilisha pedi za breki, bushi, plagi, betri mbili na wota pampu moja. Basi. Sikumbuki siku iliyonilaza njiani.

Lakini kila palipo na watu, iwe harusi, iwe msiba, iwe kikao cha familia, lazima atokee mtu: "Mkuu, na cheo hicho bado unabanana humo?" Shemeji yangu ndiye mwenyekiti wa kamati hiyo. Msemo wake ni huo wa kichwa cha uzi: Mjapani ni gari la kuanzia maisha, mtu mzima anapanda Mjerumani. Siku moja akausema mezani mbele ya watoto wangu. Usiku ule mwanangu wa pili akaja kuniuliza, kwa nia njema kabisa: "Baba, kumbe sisi bado tunaanza maisha?"

Wiki mbili baadaye nikauza.

Nikachukua sedani ya Kijerumani yenye miaka minane. Jina silitaji, sitaki kesi. Kilichoniua ni bei. Gari lililokuwa la mabosi likiwa jipya, sasa linauzwa sawa na Mjapani wa umri uleule ambaye halifikii kwa lolote: viti vya ngozi, skrini katikati, na mlango ukiufunga unaitikia "dup" kama wa friji mpya. Hapo ndipo mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini limeporomoka hivyo. Mimi nilikuwa nafungua na kufunga mlango.

Na heshima ilikuja, sikatai. Mlinzi ambaye miaka yote alikuwa ananifungulisha buti, sasa anapiga saluti na geti liko wazi kabla sijakanyaga breki. Mtu yuleyule, begi lilelile. Waliokuwa wakiniita kwa jina wakahamia kwenye "bosi". Kwenye sherehe naelekezwa niegeshe mbele, pale pa kuonekana. Ilikuwa tamu, na iliendelea kuwa tamu kwa muda wa miezi mitatu.

Mwezi wa tatu ikawaka taa ya njano. Nikampelekea fundi wangu wa siku zote. Akafungua boneti, akainama, akapapasa, akazunguka upande wa pili, akapapasa tena. Nikamuuliza unatafuta nini. Anatafuta stiki ya kupimia oili. Haipo! Injini hii haina stiki, oili unaisoma kwenye skrini, skrini inategemea sensa, na sensa ndiyo imekufa. Yaani gari lina uwezo wa kujiegesha lenyewe, ila kuniambia lina oili kiasi gani, haliwezi. Fundi akajifuta mikono na kitambaa taratibu, akafunga boneti kwa adabu kama anafunika maiti. "Bosi, hili lipeleke kwa wenye mashine." Na yeye ameanza kuniita bosi.

Kwa wenye mashine ndiko nilikojifunza maisha. Mashine yenyewe kuchomekwa tu unalipia, kabla hata spana haijashikwa. Mara ya pili joto lilipanda, kumbe ni kiungo cha plastiki cha bomba la maji ya rejeta, kitu cha ukubwa wa kidole gumba. Fundi alikigusa kikasagika vidoleni kama biskuti. Chenyewe si ghali kivile. Tatizo kiko chini kabisa, kukifikia lazima uvue nusu ya injini, kwa hiyo unalipa nusu siku ya ufundi kwa ajili ya kipande cha plastiki. Mara ya tatu betri. Nilizoea kununua betri, unafunga koki mbili, unaondoka. Hili likipata betri mpya lazima iandikishwe kwenye kompyuta ya gari, la sivyo linaendelea kuichaji kama ile kuukuu. Mara ya nne tairi. Nafungua buti natafuta tairi la akiba, nakuta shimo limejazwa sponji. Haya ni yale yanayotembea bila upepo kwa kilomita chache halafu unayanunua mapya. Ya tano ndiyo ya leo, giaboksi, na sitaki kuizungumzia.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hili hakuna mshangiliaji aliyeniambia. Gari ndilo lililoshuka bei. Spea hazikushuka. Unanunua gari la tajiri kwa bei ya maskini, lakini koili, sensa na shokapu zake bado zinauzwa kwa bei ya tajiri, na hazikuulizi umelipata kwa kiasi gani. Ukitaka kujua kama gari la namna hii unaliweza, tazama lilikuwa likiuzwa kiasi gani likiwa jipya, na ujiulize kama mtu mwenye hela hizo ni wewe. Mimi siye. Na wengi wenu mnaonicheka hapa siyo.

Halafu jiulizeni lilitengenezwa limfurahishe nani. Kule Ujerumani zaidi ya nusu ya magari mapya yanasajiliwa kwa majina ya kampuni, si ya watu binafsi. Mfanyakazi anapewa, anaendesha kama miaka mitatu likiwa ndani ya dhamana, analirudisha, anachukua jingine. Kiungo cha plastiki kikisagika mwaka wa tisa, yeye kinamhusu nini? Volkswagen wana utaratibu wa oili ya kukaa muda mrefu, hadi kilomita 30,000 au miaka miwili, mradi iwe oili ya kiwango chao. Mmiliki wa kwanza anasifia kwamba gari halisumbui. Mmiliki wa tatu, ambaye ni mimi na wewe, anaweka oili yoyote aliyoikuta dukani kwa muda uleule mrefu, halafu anashangaa cheni ya taimingi inapiga kelele asubuhi.

Mjapani naye si kwamba ana undugu na malaika. Kule kwao kuna ukaguzi wanaouita shaken: gari jipya linakaguliwa likifikisha miaka mitatu, baada ya hapo kila miaka miwili, na ni gharama. Wengi wanaona heri kuuza kuliko kulipia tena, ndiyo maana yanatoka huko yakiwa bado na nguvu. Halafu Toyota ile injini ya 1NZ wameiweka kwenye Vitz, Corolla, Ist, Probox, na ndugu yake wa karibu kwenye Prius za mwanzo. Injini moja imesambaa hivyo, spea yake utakosaje? Fundi aliyefungua mia moja hashindwi na ya mia na moja. Unafuu wote unatokea kwenye wingi huo, na wingi ndio mnaoudharau. "Kila mtu analo." Ndiyo, kila mtu analo, na kila fundi analijua!

Kinachonichefua zaidi ni kwamba hizo nembo zenyewe mnazoziabudu hamjui zimebandikwa juu ya nini. Mwaka 1989 Toyota walileta Lexus LS 400 ili wawabane Mercedes na BMW. Gari lilelile kwao Japani liliuzwa kama Toyota Celsior, na hadi 2005 hakukuwa na duka la Lexus Japani. Harrier ya zamani ndiyo Lexus RX. Altezza ndiyo Lexus IS. Nawajua watu wamenunua Harrier, wakang'oa nembo, wakabandika ile "L" na gundi, na siku hiyohiyo wakaanza kuitwa wazee. Chuma kilekile! Upande wa pili, Mercedes walitoa pikapu ya X-Class mwaka 2017, ndani yake ni Nissan Navara, wakaiacha 2020 kwa sababu haikuwa na wanunuzi wa kutosha. Zipo A-Class zilizotoka na injini ya dizeli ya Renault, lita moja na nusu. Supra ya 2019 ni ya Toyota kwa jina, injini ni ya BMW, na gari lenyewe liliunganishwa Austria. Jaguar na Land Rover ni mali ya Tata wa India tangu 2008, Volvo iko mikononi mwa Geely wa China tangu 2010. Shemeji aliponiambia "panda cha Mzungu" nilipaswa kumuuliza ni Mzungu yupi.

Msije mkanigeuzia kibao kwamba nasema magari ya Ulaya ni mabovu. Sijasema. Lile gari likiwa zima, kwenye mwendo mkubwa limelala barabarani, usukani umetulia, unafika safari ndefu mgongo hauumi. Mjapani wangu ukizidisha mwendo alikuwa anatetemeka kama ana homa. Mkanda wa usalama wa pointi tatu, ambao leo uko kila gari, ulitoka Volvo 1959, wakawaachia wengine wautumie. Mwenye hela ya kulihudumia alinunue na alifurahie, sina kinyongo naye.

Na nyinyi wa "Mjapani hafi", msishangilie sana. Nyinyi ndio mnaokaa miaka miwili bila kumwaga oili kisha mnajisifu. Nissan wenyewe iliwabidi waongeze muda wa dhamana ya giaboksi za CVT (otomatiki zisizo na gia za hatua) kwa baadhi ya modeli Marekani. Daihatsu, kampuni tanzu ya Toyota, Desemba 2023 ilionekana imechakachua vipimo vya usalama kwenye modeli 64. Volkswagen walinaswa na udanganyifu wa moshi wa dizeli 2015, magari yapata milioni 11. Hakuna msafi hapo. Tofauti ni kwamba Mjapani anakukosea kwa spea unayoweza kuilipia.

Turudi kwa shemeji. Wiki iliyopita nilimpigia, si kwa kuomba hela, nilitaka tu anielekeze fundi anayemwamini. Unajua alinijibu nini? "Shemeji, gari la Ulaya linataka matunzo, wewe umeshazoea kienyeji." Kumbe kosa ni langu. Nikamuuliza la kwake analitengenezea wapi. Akasita kidogo, akasema hajui, dereva wa ofisini ndiye hulipeleka. Wakuu, gari la shemeji ni la kampuni! Miaka yote hiyo ananipigia debe, hajawahi kununua hata wipa. Hajui bei ya lita moja ya oili. Yeye ndiye yule Mjerumani wa miaka mitatu, ila amezaliwa ukoo wa mke wangu.

Waliokuwa wananiita bosi hawajachangia hata boliti. Mlinzi ameacha saluti, maana ninapita kwa miguu, na jana alinisimamisha akague begi.

Sasa ile nusu ya pili ya njia. Natembea, jua liko utosini, nasikia honi nyuma. Sikuhitaji kugeuka, ile honi naijua, ina mkwaruzo kidogo mwishoni, miaka tisa nimeipiga mimi. Ni mwalimu niliyemuuzia Mjapani wangu. Akasimama, akanifungulia mlango wa nyuma kwa sababu mbele kulikuwa na madaftari. Nikashika palepale kwenye mbonyeo. Ndani kunanuka chaki, kiti kina kile kitobo alichokichoma mwanangu kwa kalamu. Nikamuuliza linasumbua? Akafikiri kwa muda, kama mtu anayetaka kuwa mkweli. "Nilibadilisha taa ya breki." Nikamuuliza kama analiuza. Akacheka, akadhani natania.

Kwa hiyo wakuu, langu linauzwa. Lipo gereji, njoo na fundi wako, njoo na mashine yako, na ya giaboksi tutaelewana. Madalali mkae mbali. Picha naweka jioni. Ya kwanza nitaweka ya nembo, nimeshaisugua inang'aa, maana nawajua, ndiyo mtakayoiangalia.