Korido ya bibi inanibana kwenye gemu

chogo_la_mti: Wakuu, salamu. Natengeneza gemu ya kujificha ndani ya nyumba ya Kiswahili, ile ya vyumba sita, korido katikati, uani nyuma. Jumamosi nilienda kwa bibi Magomeni na futikamba, nikapima mpaka bibi akauliza kama nataka kumuuzia nyumba. Korido sm 150, milango 80 kwa 200, vyumba mita 3 kwa 3, baraza mbele sm 60 kwenda juu.

Nimeviingiza Unreal, programu ya kutengenezea gemu, vilevile. Mhusika akigeuka tu kuingia chumbani, kamera inagonga ukuta na kumrukia kisogoni. Chumba kikiwekwa kitanda cha tano kwa sita, hageuki kabisa. Na kwa bibi tunapishana watu wawili na ndoo za maji! Nikikuza nyumba yote mara 1.5, kitasa kinamfika begani, anaonekana mtoto wa chekechea. Halafu barazani hapandi.

Dogo_Temeke: Umetolea Blender, ile programu ya kuchongea maumbo ya 3D? Kule yuniti 1 ni mita, Unreal ni sentimita. Mimi niliwahi kupata kiti kikubwa kama daladala.

chogo_la_mti: Nimekagua mkuu. Mtu wangu ana sm 180 kamili.

mama_poligoni: Vipimo viko sawa, tatizo ni jicho. Bibi anaona kwa macho yake. Mchezaji anaona kwa kamera iliyo nyuma ya mhusika. Kwenye kiolezo cha UE5 (gemu ya mfano inayokuja na Unreal Engine 5) mkono wa kamera, yaani umbali wake kutoka kwa mhusika, ni sm 400, mrefu kuliko chumba chenyewe! Ndani ya nyumba ushushe hadi 200 hivi. Halafu usikuze nyumba yote, tanua sehemu tupu tu: korido 240, vyumba mita 4.5, dari ipande, mlango upana 120. Kinachoshikwa kwa mkono au kukanyagwa usikiguse: kitasa, kiti, ndoo, ngazi. Mchezaji hana futikamba, anapimia hivyo.

Fundi Nondo: Mimi ni wa zege, gemu najifunza usiku. Baraza: mhusika wa Unreal anapanda kimo cha sm 45, zaidi ya hapo anagoma. Usimwongezee, ataanza kupanda mpaka stuli. Weka tofali moja mbele, nchi 9 ni kama sm 23, inabaki 37.

chogo_la_mti: Tofali lipo kweli pale kwa bibi! Nimelikanyaga siku nzima nikipanda na kushuka, sikulipima.