Tupeane uzoefu: kufuma mapambo ya nywele kwa kroshia, kwa anayeanza

#1
Uzi huu ni wa uzi. Kila anayejua kufuma aweke kitu kimoja cha nywele ambacho mtu aliyeshika kroshia (ile sindano yenye ndoano) juzi anaweza kukimaliza kwa siku moja: kroshia ya milimita ngapi, uzi gani, mishono mingapi, na hasa pale panapoharibika na kwa nini. "Fuma tu mpaka uone imetosha" haimsaidii mtu.

Majina kwanza, tusije tukapishana. Cheni ni vile vitanzi vya kuanzia. Mshono mfupi: ingiza kroshia, vuta uzi, una vitanzi viwili, zungusha uzi kwenye kroshia na uvitoe vyote viwili. Nusu mrefu: zungusha uzi kabla ya kuingiza, vuta, una vitatu, vitoe vyote kwa mkupuo. Mshono mrefu: anza vilevile, lakini toa viwili, kisha toa viwili vilivyobaki. Mshono wa kuunganishia: ingiza, vuta uzi upite moja kwa moja hadi nje.

Na kwa wanaosoma maelekezo ya kigeni: kifupi "dc" kwa Wamarekani ni mshono mrefu, kwa Waingereza ni mshono mfupi. Ukiona "sc" popote kwenye ukurasa, hayo ni ya Marekani, maana Waingereza hawana kifupi hicho. Wengi wanaodhani wamekosea kuhesabu hawakukosea, walichanganya nchi.

#2
Anzeni na skranchi, ule mpira wa nywele wenye marinda. Hauna kipimo cha kichwa, na makosa yanafichwa na marinda yenyewe.

Mpira wa kawaida wenye kipenyo cha sentimita 5 hivi, uzi wa unene wa kati, kroshia ya milimita 4. Funga fundo la kitanzi, pitisha kroshia ndani ya mpira, vuta uzi utokee upande wako, na fuma mishono mifupi kuuzunguka mpira kana kwamba ndio cheni yako. Jaza mishono 45. Funga mzunguko kwa mshono wa kuunganishia.

Mzunguko wa pili: panda cheni 3, kisha weka mishono mirefu 3 katika kila mshono mfupi. Zile cheni 3 za mwanzo zinahesabika kama mshono mrefu, kwa hiyo pale pa kwanza ongeza 2 tu. Ukimaliza una mishono 135 iliyosongamana kwenye duara dogo. Haina pa kwenda, inajikunja yenyewe. Hayo ndiyo marinda. Hakuna ufundi mwingine. Mita 12 hadi 15 za uzi zinatosha.

Kuhusu ile 45. Mpira huo ukiwa umelala unajaa kwa mishono kama 30, na anayeanza akiona umefunikwa anasimama hapo. Siku ya kufunga nywele mpira unavutika kidogo tu na kukwama, kwa sababu ukingo wa juu wa mishono ile ni kama mkanda usiovutika: umekuwa breki. Sukuma mishono kwa kidole ibanane, ongeza mpaka 45, hata 50. Kisha uvute mpira kwa mikono miwili kabla ya kwenda mzunguko wa pili. Ukiishia njiani, fumua sasa, maana baada ya marinda utafumua kwa machozi.

#3
Nyongeza kwa #2: chagua mpira usio na kiungo cha bati. Bati hukata nywele, na likiwa limefunikwa na uzi hulioni tena, unashangaa tu nywele zinakatika mahali pamoja. Ule ulioungwa kwa gundi angalia kiungo chake kabla ya kuanza. Kikiachia ndani ya mishono, kazi yote imekwisha, huwezi kubadilisha mpira bila kukata.

#4
Hedibendi, ule mkanda wa kichwani. Hapa wengi wanapotea kabla hata ya kuanza, kwa sababu wanaifuma kwa urefu: wanapiga cheni 80, wanakwenda na kurudi mistari kumi, wanaunga. Inapendeza mezani, kichwani haivutiki.

Ifume kwa upana. Uzi mnene kiasi, kroshia ya milimita 5. Piga cheni 15, anza kwenye cheni ya pili kutoka kroshia, upate nusu mrefu 14. Geuza, panda cheni 1 ambayo haihesabiki, rudi na nusu mrefu 14, lakini sasa ingiza kroshia kwenye kitanzi cha nyuma tu. Tazama juu ya mstari uliomaliza: kila mshono una vitanzi viwili vilivyolala kama V. Kilicho karibu nawe kiache, chukua cha mbali. Yale mabaki yanayoachwa mbele ndiyo yanayotengeneza mifereji, na kitambaa chenye mifereji huvutika kama soksi, kuelekea kule mistari inakoongezeka. Ukifuma mistari mifupi inayopangana mpaka izunguke kichwa, mvutiko unakaa unapotakiwa.

Urefu: pima kichwa kwa futikamba, pita nyuma ya masikio na juu ya paji la uso, kisha punguza sentimita 5 hadi 7. Mtu mzima mwenye kichwa cha 56 anafuma 50. Kama itavaliwa juu ya rasta au nywele nyingi, pima juu ya nywele zenyewe. Kwa uzi huo ni mistari 60 hivi, ila amini futikamba kuliko hesabu, maana mikono haikazi sawa. Gramu 50 za uzi zinatosha.

Kuunga kwa kawaida: kutanisha ncha mbili, pitisha mishono 14 ya kuunganishia kwenye kingo zote mbili. Ukitaka lile fundo la mbele, kunja kila ncha katikati kwa urefu wake iwe kama mdomo, kisha upishanishe midomo hiyo: nusu ya huu iingie ndani ya ule, kama mikono miwili iliyoshikana vidole. Unapata tabaka nne. Shona zote nne kwa sindano, geuza nje, fundo limejitokeza. Kosa la kawaida ni kushona tabaka tatu na kuacha moja, nalo unaliona ukishageuza.

#5
Swali linalorudi kila siku: kwa nini kipande kinaanza na mishono 14 na kinaishia na 9?

Kwa mishono mifupi na nusu mrefu, unaruka mshono wa mwisho kwa sababu umejificha pembeni, umelala. Tia pini au kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye mshono wa kwanza wa kila mstari. Ukirudi, pale penye alama ndipo pa mwisho, hakuna ubishi. Kwa mishono mirefu sababu ni nyingine: zile cheni 3 za kupandia ni mshono kamili, kwa hiyo ukirudi lazima uingize kroshia kwenye cheni ya juu kabisa kati ya zile tatu. Ukiziacha unapungua mmoja. Ukizihesabu na pia ukafuma kwenye mshono ulio chini yake, unaongezeka mmoja na kipande kinapanuka.

Hesabu kila mstari kwa mistari kumi ya kwanza. Baada ya hapo macho yenyewe yatahesabu.

#6
Mnasema uzi wa unene wa kati, lakini wa nini? Akriliki ni nyepesi na inavutika, nzuri kwa hedibendi, ila kwenye nywele kavu inasisimua umeme na nywele zinasimama. Pamba haivutiki, inaonyesha mishono wazi, kwa hiyo inamfaa anayejifunza na inafaa maua. Lakini pamba inanyonya mafuta na unyevu wa nywele. Sufu isiyotiwa dawa ya kuzuia kusinyaa ikioshwa kwa maji ya moto hujikaza na kuwa kama blanketi, hedibendi ya mtu mzima inabaki ya mtoto.

Kwa nywele za kipilipili wekeni bitana ya satini. Tatizo ni kwamba satini nyingi ni kitambaa kilichofumwa bila mvutiko. Ukikata bitana sawa na hedibendi ya sentimita 50 na kuishona kote, umeua mvutiko wote. Kata satini ya sentimita 58, ikusanye mikunjo midogo midogo huku ukiivuta hedibendi, na uishone kingo mbili kwa mkono, mishono ya kulegea.

#7
Ua la kubandika kwenye klipu. Pamba, kroshia ya milimita 3.5, mita 3 za uzi, nusu saa.

Piga cheni 4, ziunge ziwe duara. Panda cheni 1, ndani ya tundu (si ndani ya cheni) fuma mishono mifupi 10, funga kwa kuunganishia. Sasa petali: cheni 2, mishono mirefu 3 kwenye mshono unaofuata, cheni 2, mshono wa kuunganishia kwenye unaofuata. Hiyo ni petali moja na imekula mishono miwili. Rudia mpaka zitimie 5, ile ya kuunganishia ya mwisho inaangukia pale ulipoanzia.

Ukipata petali nne na nusu, kwenye duara uliweka 9. Petali zikikunja kuelekea ndani kama kikombe, unakaza: panda kroshia ya milimita 4. Na angalia unapotengenezea kitanzi. Kroshia ina shingo nyembamba karibu na ndoano na shina lililonyooka nyuma yake. Kitanzi kikikazwa shingoni kinakuwa kidogo kuliko namba ya kroshia, na mstari unaofuata hauingiliki. Kisukume kikae shinani kwanza.

#8
Kwenye kubandika: gundi ya moto peke yake kwenye bati laini hubanduka kwa sababu haina pa kushika. Bora kushona. Acha mkia wa sentimita 30 kwenye ua, fuma kijiduara cha pili cha mishono 10 bila petali, weka ubao wa juu wa klipu katikati ya hivyo viwili kama mkate, shona ukingoni. Jaribu kuifungua na kuifunga kila baada ya mishono mitatu, usije ukashona mdomo.

#9
Gundi inashika ukilikwaruza bati kwa msasa kwanza. Lakini kwa klipu za watoto nakubaliana na #8, shona.

#10
Mikia ya uzi, maana hakuna aliyeigusa. Acha sentimita 15, tumia sindano butu yenye tundu kubwa, pita chini ya mishono kwa sentimita 4, ruka kitanzi kimoja, rudi ulikotoka. Ule mruko ndio unaoshika. Bila huo mkia unateleza nje ukioshwa mara ya pili. Usikate karibu na fundo, na ncha ya akriliki usiichome kwa kiberiti kama mnavyofanya kwenye kamba. Inayeyuka na kuwa kipele kigumu cha plastiki, nacho kitakaa juu ya ngozi ya kichwa.